UZI: Krosi ya propela ya mbele ukishainua gari. Kubana ni ugonjwa mmoja, kutetemeka ni mwingine

Mwana Ngomeni

Assalaam aleikum jamaa. Jambo hili nimehangaika nalo miezi minane na limenila pesa mara tatu. Nataka nilieleze lote, kwa sababu hapa Malindi kila ukipita gereji unakuta Defender au Land Cruiser iko juu ya mawe inainuliwa, na sijasikia fundi akimwambia mwenye gari yatakayoifika propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) hadi difu ya ekseli ya mbele, wala krosi, vile viungo vya kupindia vilivyo kwenye ncha zake.

Langu ni Defender 110 pikapu, tairi 235/85 rimu 16. Kazi yake ni samaki na barafu kutoka Ngomeni, na mara mbili kwa mwezi napeleka vyakula kambi za kando ya Galana kwa njia ya Sala. Msimu wa masika tumbo la gari lilikuwa linakwaruza udongo hadi nachoka. Nikaliinua inchi 3: springi ndefu, shoki ndefu, mbele na nyuma. Lilipendeza, na siku ya kwanza nilipovuka mtaro wa Gongoni bila kugusa chini nilifurahi kama mtoto.

Furaha ilidumu hadi daraja la Sabaki. Usukani ulikuwa mwepesi, ukikata kona ukauachia haurudi wenyewe. Na kuanzia kilomita 70 kwa saa sakafu ikaanza kunguruma chini ya miguu, mngurumo wa haraka sana, kopo la chai likicheza pale lilipo. Kisha kwenye mashimo, gurudumu la mbele likining'inia, nasikia ka! ka! ka! kama mtu anagonga chesisi kwa nyundo ndogo.

Nilidhani ni kitu kimoja. Fundi niliyempelekea naye alidhani ni kimoja. Akaing'oa propela, akaishika grainda, akalila sikio la yoki, ile panda ya chuma inayoishika krosi, pande zote "ipate nafasi". Ka-ka-ka ikaisha siku hiyohiyo. Mngurumo ukabaki vilevile. Baada ya wiki sita, nikitoka Kakoneni na kreti kumi na mbili nyuma, sikio la yoki likakatika. Propela ikaanguka upande mmoja na kuichapa chesisi kama mjeledi hadi nikasimama. Nilipoiokota niliuona ule mkato: nusu ya chuma ilikuwa nyeupe inayong'aa, imekatika siku ile. Nusu nyingine ilikuwa ya kahawia, imeshika kutu, maana yake ufa ulikuwa wazi zamani. Na ufa ulianzia ndani ya mfereji uliochimbwa na jiwe la grainda.

Nitaeleza nilivyolitengeneza, lakini kwanza nisikie nani mwingine yamemkuta.

Bi Marafa

Pole sana kaka. Nina Land Cruiser 79, nimeiinua inchi 2 kwa ajili ya njia ya Marafa. Sisikii mtetemo wowote barabara ya lami. Je, ni salama, au liko tatizo nisilolisikia?

Mwana Ngomeni

Dada, yako ina habu za kufungua na kufunga, vile vifungo vinavyounganisha gurudumu la mbele na ekseli yake. Ukiwa kwenye lami na habu ziko wazi, propela ya mbele hailazimiki kuzunguka, kwa hiyo hata pembe zake, yaani inavyopinda kwenye krosi ya juu na ya chini, ziwe mbaya vipi hutasikia. Defender inavuta magurudumu manne muda wote, ndiyo maana yangu ilinipigia kelele tangu siku ya kwanza. Yako itakuonyesha siku umefunga habu, uko mchangani na mguu uko chini. Na ile ya kubana, yaani ka-ka-ka, haingojei mwendo kabisa. Hata kwa kilomita 5 kwa saa, gurudumu likining'inia na yoki ikigusana na mwenzake, injini inaendelea kusukuma chuma juu ya chuma. Kitu kitapasuka.

Kuna jaribio tulilofanya kwangu. Ukishuku propela ya mbele ya Defender, ing'oe kabisa, funga difu ya kati (ile ya ndani ya transfa), endesha polepole kisha ongeza hadi kwenye mwendo unaotetemeka. Linakwenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Mtetemo ukitoweka, umempata mhalifu. Bolti zake ni za spana 9/16, na nati za nailoni usizirudishe za zamani. Angalizo kwa anayetaka kufanya hivyo na propela ya nyuma: handbreki ya gari hili inashika upande wa propela ya nyuma. Ukiing'oa hiyo huna handbreki, weka magogo kwenye tairi kwanza.

Fundi Barani

Mwenye uzi, umesema kweli na mimi ni fundi. Wengi wetu tunajua kubadilisha krosi, wachache tunajua kwa nini imekufa. Mimi nilijifunzia kazi kwa mzee aliyekuwa akihudumia magari ya Waitaliano, hadi leo baadhi yetu Malindi tunaiita krochera kama wao. Mzee alitufundisha hivi: krosi ni msalaba wenye vichwa vinne, kila kichwa kina kikombe chake chenye beringi za sindano. Krosi moja ikipinda haizungushi sawasawa. Upande mmoja uende kwa mwendo uleule, upande wa pili utakimbia kidogo kisha utalegea, mara mbili kwa kila mzunguko.

Pembe ikiwa digrii 10, huko kukimbia na kulegea ni kama asilimia 1.5, husikii. Digrii 20 inafika 6. Digrii 30 inapita 13. Haipandi kwa ngazi sawa, inaruka. Ndiyo maana inchi moja ya kwanza mtu haoni kitu, ya tatu inamtia kichaa.

Dawa ya kiwandani ni kuweka krosi mbili, ya chini ifute kosa la ya juu. Lakini inafuta kwa masharti: pembe mbili zilingane, na masikio ya yoki ya juu na ya chini yakae mstari mmoja. Ukiichomoa ile sehemu ya kuteleza, yenye meno, inayoiacha propela irefuke na kufupika, ukairudisha jino moja pembeni, umeiharibu mwenyewe. Piga alama ya rangi kabla hujachomoa. Nimeona gari limebadilishwa krosi mara tatu kwa kosa hilo peke yake.

Mwana Ngomeni

Ahsante fundi, hapo ndipo penyewe. Tulipima yangu kwa kipima digrii chenye sumaku, gari likiwa chini kwenye saruji, limebeba mzigo wake wa kawaida. Pembe ya juu, kwenye transfa: 15. Pembe ya chini, kwenye difu: 3. Moja inafanya kosa la asilimia 3 na nusu, nyingine haina hata nguvu ya kufuta robo yake.

Na hebu tupige hesabu ya mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa tairi hizi zinazunguka kama mara 530 kwa dakika. Uwiano wa difu ya gari hili ni 3.54, yaani propela inazunguka mara 3.54 tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo propela inazunguka kama mara 1,900. Kosa linatokea mara mbili kila mzunguko. Hizo ni kama ngumi 63 kila sekunde, kwenye beringi za sindano nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ndio ule mngurumo.

Sasa kwa nini pembe zilikosana? Gari linapoinuliwa, ekseli ya mbele inashuka ikiwa imeshikwa na zile fimbo mbili nzito, redias amu. Fimbo zimefungwa nyuma kwenye chesisi, basi zikishuka mbele zinaizungusha ekseli. Pua ya difu, pale propela inapofungwa, inatazama juu zaidi, basi pembe ya chini inapungua huku ya juu ikiongezeka. Wakati huohuo kasta inapotea, yaani ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe. Kiwandani Defender ina digrii 3 za kasta. Yangu ilibaki chini ya sifuri, ndio ule wepesi wa usukani niliousikia Sabaki.

Nikauziwa redias amu zilizopinda za kurudisha kasta. Usukani ukapona, wallahi, gari likatulia kama zamani. Lakini zimerudishaje kasta? Kwa kuizungusha ekseli nzima kinyume, na pua ya difu ikarudi chini pamoja nayo. Pembe ya chini ikatoka 3 ikawa 8, ya juu ikabaki 15. Mngurumo ukapungua kidogo tu. Pesa ya pili hiyo.

Tukutuku

Mimi sijaelewa kitu kimoja. Kama grainda iliondoa ka-ka-ka, basi fundi wako alikosea nini? Gari langu nalo linagonga, na nimeambiwa hivyohivyo, nikate kidogo.

Mwana Ngomeni

Kijana, swali zuri, na tafadhali usikate kabla ya kusoma hapa.

Kukata kunatibu kubana tu. Na hata hapo, kuna kukata na kukata. Tulivyofanya mara ya pili, na hii nilikuwa nimelala chini mwenyewe nashika taa:

Gari liliinuliwa kwa chesisi likawekwa kwenye stendi imara, ekseli ikaachwa ining'inie hadi shoki zikavutika mwisho. Gia nyutro, magurudumu ya mbele huru. Tukachanganya masizi ya sufuria na grisi kidogo, tukapaka ndani ya masikio ya yoki. Kisha tukaizungusha propela kwa mkono, polepole, mzunguko mzima. Inakwenda laini, laini, halafu unasikia imekaza, unasukuma, inaruka kwa mlio mdogo. Mara mbili kila mzunguko. Ukiifungua, masizi yamefutika pale chuma kilipokutana na chuma. Kwangu ilikuwa doa dogo, halifiki ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kwenye bega la sikio. Hapo tu. Yule wa kwanza alikuwa amekula pande zote za yoki, hata pale pasipogusana na kitu.

Tulitoa milimita 2, tukajaribu, tukatoa nyingine chini ya moja. Kila ulichokata upande huu unakata sawasawa upande wa pili, la sivyo umeongeza mtetemo mwingine wa uzito. Usiisogelee tundu la kikombe cha beringi, pale chuma kiko chembamba na ndipo mzigo wote unapopita. Usiache kona kali wala mfereji. Maliza kwa diski ya msasa, kisha msasa wa mkono, hadi kidole kipite bila kukwama popote. Ufa unapenda mkwaruzo, unaanzia hapo kila mara. Na ukiona chuma kimegeuka rangi ya samawati umekichoma, simama kipoe.

Tukabakiza nafasi ya milimita 2 pale panapokaribiana zaidi, kwa sababu bushi (mipira ya viungo vya ekseli) zikilegea ekseli inacheza.

Halafu jiulize kwanza kama kuna haja ya kukata. Kwangu shoki zilikuwa ndefu kupita kiasi. Gurudumu likining'inia pembe ya juu ilikuwa inafika digrii 27. Nilipofunga mikanda ya kuzuia ekseli isishuke sentimita 4 za mwisho, ikawa 23. Mkanda wa turubai ulioshonwa vizuri ni rahisi kuliko propela. Kama ningeufunga tangu mwanzo, ile yoki ya kwanza ingekuwa mzima hadi leo.

Nahodha Mstaafu

Vijana, mimi gari sijui sana lakini msalaba huo naujua. Dira ya chombo tulikuwa tunaitundika kwenye pete mbili, moja ndani ya nyingine, kila pete ina mhimili wake uliokatana na wa mwenzake. Chombo kinalala huku na huku, dira inabaki imetulia. Wazungu wameziita kwa jina la Cardano, Mtaliano wa karne ya 16, kwa kuwa aliziandika, ingawa pete zenyewe ni za kale kumliko. Baadaye Mwingereza Hooke, karne ya 17, akautumia msalaba uleule kuzungusha mhimili uliopinda. Ndio huo mnaousagia grainda. Dira haiulizwi mwendo sawasawa, inaulizwa kutulia tu, kwa hiyo kosa la msalaba haikulijua.

Mwana Ngomeni

Mzee shikamoo, na ahsante. Hilo la dira sikulijua.

Sasa dawa ya mwisho, ile iliyofanya kazi. Tuliweka propela yenye krosi mbili zilizopakana upande wa transfa, na krosi moja upande wa difu. Katikati ya hizo mbili kuna kiungo kifupi na gololi inayoziweka sawa, kila moja ichukue nusu ya pembe. Digrii 15 zangu zikawa saba na nusu kwa saba na nusu, hii inafuta ile hapohapo juu. Haihitaji tena msaada wa krosi ya chini. Na kwa kuwa haihitaji, krosi ya chini isiwe na kosa la kwake: pua ya difu inatakiwa iielekee propela karibu moja kwa moja.

Mnaona ilipogeukia? Kwa propela ya kawaida unataka pembe mbili zilingane. Kwa hii ya krosi pacha unataka ya chini iwe karibu na sifuri. Mtu akinunua propela ya bei mbaya na akaacha zile redias amu zilizopinda, pembe ya chini ni 8, na gari litatetemeka tena, aanze kumlaumu muuzaji. Mimi niliziondoa nikarudisha za kiwandani. Pembe ya chini ikarudi 3. Mtetemo ulikwisha, nilipita Mambrui kwa 90 na nikasikia upepo wa dirisha peke yake, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Lakini kasta nayo ikapotea tena! Hiyo tumeirudisha kwenye swivo, yale matufe ya chuma yaliyo mwisho wa ekseli. Yamefungwa kwa bolti kwenye flenji. Yapo ya kununua yenye matundu yaliyosogezwa ili tufe ligeuke na ekseli ibaki ilipo. Ni kazi ya kumwaga oili, kubadilisha sili na kushinda na mikono michafu siku mbili. Hiyo ndiyo pesa ya tatu, na ndiyo peke yake ambayo siijutii.

Fundi Barani

Naongeza mawili. Moja, propela ikishachomelewa au kufupishwa, ipelekwe Mombasa kwenye mashine ya balansi. Kilomita 120 za matatu si kitu ukilinganisha na gia boksi. Usikubali kuambiwa "tumepima kwa jicho".

Pili, grisi. Gololi ya katikati ya krosi pacha ndiyo inayokufa kwanza, na baadhi ya propela za kiwandani hazina nipo ya kuitilia grisi hiyo gololi. Zikikauka zinaanza kulia kama ndege asubuhi gari likiwa baridi. Ukisikia hivyo usiendelee na safari ndefu, zikipasuka zinaweza kutoboa nyumba ya gia boksi. Nunua yenye nipo, na ununue bunduki ya grisi yenye mdomo wa sindano kwa sababu ya kawaida haiingii pale.

Bi Marafa

Kaka na hayo maji ya samaki? Nimeona pikapu za Ngomeni, nyuma zinadondosha maji ya chumvi njia nzima.

Mwana Ngomeni

Dada umegusa kidonda. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yanatiririka kwenye chesisi hadi juu ya propela ya nyuma, na ya mbele ilikuwa inakula tope la chumvi kule kwenye mashamba ya chumvi Gongoni. Nilipofungua vikombe vya krosi ya kwanza, sindano mbili zilikuwa zimegeuka unga mwekundu. Sasa nimetia bomba la mpira kwenye kona ya bodi, maji yanashuka nyuma ya tairi. Kila jioni ya safari ya Ngomeni naosha chini kwa maji baridi ya kisima. Kila wiki mbili natia grisi, ileile ya mashua inayokataa maji, nasukuma hadi ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa kutoa, zungusha propela, ilegeze, sukuma tena. Kikiendelea kukataa, krosi hiyo ibadilishwe kabla haijakwambia yenyewe barabarani.

Na ile sehemu ya kuteleza ya propela isisahauliwe. Gari likining'inia, angalia meno yaliyobaki ndani. Yangu yalikuwa yamebaki sentimita 3 tu kabla ya mikanda.

Tukutuku

Nimetoka kupima sasa hivi, gari liko chini na mzigo. Hilux ya zamani, ekseli nzima mbele, nimeinua inchi 4. Juu 17, chini 16. Na inagonga ikining'inia lakini haitetemeki.

Mwana Ngomeni

Basi pembe zako zinalingana, propela yako haina kosa la mtetemo. Usinunue krosi pacha, utajiharibia. Una kubana tu. Iweke kwenye stendi, paka masizi, piga picha ya doa utuwekee hapa. Na ujaribu mkanda kabla ya grainda.

Tukutuku

Sawa ami. Kesho baada ya swala ya asubuhi naiweka juu. Masizi ninayo, mama ameshanipa sufuria.